Kupanda Yuka Kwenye Nchi ya Baridi: Anza na Njia ya Maji

Yuka ikifa bustanini wakati wa baridi, lawama huiangukia theluji. Mwenye bustani huona majani yaliyokuwa ya kibuluu yamegeuka kahawia, moyo wa mmea unachomoka kwa kuvutwa kidogo tu, naye anakata shauri kwamba mmea wa jangwani haukuumbiwa nchi yenye barafu. Mwaka unaofuata ama ananunua mche mwingine pamoja na blanketi la kuufunika, ama anaachana nayo kabisa. Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja iliyo kinyume na hukumu hiyo: yuka za jangwani zinazostahimili baridi mara nyingi haziuawi na baridi yenyewe, zinauawa na maji yaliyotuama kwenye mizizi na kwenye moyo wa mmea baridi ilipoingia. Ukiikubali hoja hii, kazi yako inahama wakati na mahali. Badala ya kuhangaika na mablanketi mwezi Januari, utashughulika na udongo mwezi Mei, kabla hujapanda, na kazi hiyo ikifanywa vizuri mara moja haina haja ya kurudiwa kila mwaka.

Yuka ziko aina kati ya 40 na 50, na asili yake ni Amerika. Nitakayoitumia kama mfano ni Yucca rostrata, kwa sababu ndiyo inayotafutwa sana na wenye bustani za majimbo kama Colorado, Utah, New Mexico na Texas, ambako pia wanaishi wasemaji wa Kiswahili. Hukua polepole, sentimita chache za shina kwa mwaka, hadi kufikia mita tatu au nne, na kileleni hubeba mamia ya majani yaliyotawanyika pande zote kama mpira. Jani moja lina urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa sentimita moja tu. Ukilishika pembeni utaona mstari mwembamba wa njano wenye vimeno vidogo sana vinavyokwaruza kidole, na ncha yake ni mwiba. Msomaji aliyekulia karibu na mashamba ya Tanga hatauona mmea huu kuwa mgeni, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na mkonge, ambao nao ulitoka Amerika na kuletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Tofauti kubwa ni kwamba mkonge ukishatoa mlingoti wa maua hufa, ilhali yuka huchanua na kuendelea kuishi. Wala usiichanganye na yuka nene isiyo na miiba mikali inayopandwa kwenye nyua za Nairobi. Hiyo ni Yucca gigantea, ya Mexico na Amerika ya Kati, na baridi kali huimaliza.

Ushahidi wa kwanza wa hoja yangu uko kwenye makazi ya yuka zenyewe. Yucca rostrata huota yenyewe kaunti ya Brewster, magharibi mwa Texas, ilipo hifadhi ya taifa ya Big Bend, na kuvuka mpaka hadi majimbo ya Chihuahua na Coahuila nchini Mexico. Mtu akisikia jangwa huwaza joto tu, lakini jangwa la Chihuahua ni la nyanda za juu. Sehemu kubwa yake iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari maji huganda. Mvua yake ni haba, na nyingi hunyesha kati ya Mei na Oktoba, wakati mmea unakua na jua liko tayari kukausha kinachobaki. Majira ya baridi ni makavu. Ardhi yenyewe ni miteremko ya mawe ya chokaa, ambako maji hupita na kwenda zake. Kwa hiyo mmea huu umezoea baridi na umezoea maji, ila haujazoea viwili hivyo kwa pamoja. Aina nyingine, Yucca glauca, inathibitisha jambo hilo kwa nguvu zaidi. Makazi yake yanaanzia Texas na kupanda nyanda zote hadi kusini mwa Alberta nchini Canada, ambako baridi huweza kushuka hadi digrii 30 chini ya sifuri na zaidi. Huko kaskazini huipati mabondeni penye unyevu, unaipata kwenye miteremko mikavu inayotazama kusini, inakopigwa na jua.

Ushahidi wa pili uko kwenye miji miwili. Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa ramani ya kanda za ustahimilivu wa mimea, na toleo la mwaka 2023 limetokana na takwimu za miaka ya 1991 hadi 2020. Kanda hizo ndizo zinazoandikwa kwenye kibandiko cha mche unaponunua, na Yucca rostrata kwa kawaida huwekwa kanda ya 6, yaani baridi ya hadi digrii 23 chini ya sifuri, na wengine huiweka hata ya 5. Ukifuata ramani peke yake, Seattle ingekuwa pepo ya yuka, maana baridi yake kali ya mwaka haifiki hata nusu ya ile ya Denver. Lakini Denver hupata chini ya milimita 400 za mvua na theluji kwa mwaka, na Desemba hadi Februari ndiyo miezi yake mikavu. Seattle hupata zaidi ya milimita 900, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Anayepanda yuka hii kwenye udongo mzito wa Seattle huhangaika na kuoza kuliko anayeipanda kwenye ardhi ya kokoto ya Denver, pamoja na kwamba baridi ya Denver ni kali maradufu. Ramani haina kosa. Inapima kitu kimoja tu, nacho ni wastani wa baridi iliyo kali kuliko zote kila mwaka. Kuhusu unyevu haisemi neno, na hilo lazima ulipime mwenyewe.

Sababu yake inaeleweka ukitazama mmea unavyojiandaa. Siku zinapofupika na usiku kupoa, yuka hupunguza maji yaliyomo kwenye seli zake na kuongeza sukari, na utomvu wenye sukari hauwahi kuganda kama maji matupu. Mmea uliojiandaa hivyo unaweza kuvumilia usiku ambao ungeua mmea uleule mwezi Agosti. Mizizi nayo inahitaji hewa iliyomo katikati ya chembe za udongo. Maji yakijaza nafasi zile wakati wa joto, mmea huyanywa na jua huyavuta, hivyo hewa hurudi upesi. Yakizijaza wakati wa baridi, mmea umelala na haunywi, jua ni hafifu, na maji hukaa wiki nyingi. Mizizi hukosa hewa, hufa, kisha vimelea vya ukungu na bakteria huingia. Juu kwenye moyo wa mmea, maji yaliyonaswa katikati ya majani huganda na kuyeyuka mara kwa mara, yakipasua machipukizi laini na kufungulia uozo mlango. Majani ya yuka ni magumu na yana akiba, kwa hiyo mmea uliooza mizizi Januari huweza kuonekana mzima hadi Aprili. Unapoanguka, mwenyewe hukumbuka ule usiku wa baridi kali, wala hafikirii maji yaliyokaa chini kwa miezi mitatu.

Hapa msomaji makini atauliza: je, baridi yenyewe haiui kamwe? Huua. Kila aina ina kikomo chake, na hakuna tuta la kokoto litakaloifanya yuka ya kanda ya 6 iishi kanda ya 3. Februari 2021 San Antonio, Texas, ilishuka hadi digrii 13 hivi chini ya sifuri, na mikonge mingi ya mapambo ikalainika ikawa uji. Kwa mimea ile baridi peke yake ilitosha. Kwa Yucca rostrata kipimo hicho kiko mbali na kikomo chake. Ninachosema ni hiki: ukishachagua aina inayofaa kanda yako, hatari kubwa iliyobaki ni maji. Kuna mambo mawili yanayopunguza ustahimilivu huo, nayo yote yako mikononi mwako. La kwanza ni umri na uzoefu wa mche, maana mche mdogo, au uliopandwa majuzi, hauna uwezo wa mmea uliokomaa. La pili ni mbolea ya naitrojeni inayotiwa mwishoni mwa majira ya joto. Huamsha majani mapya mororo wakati mmea unapaswa kujifunga, na baridi ya kwanza huyakuta hayajajiandaa. Usitie mbolea baada ya Julai. Kwa kweli yuka iliyo ardhini huweza kuishi bila mbolea kabisa.

Basi anza kwa kupima mahali. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana kama huo, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na usimamishe rula ndani. Maji yakishuka sentimita 5 au zaidi kwa saa, una ardhi nzuri. Yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 5, panafaa ukiinua tuta. Yakishuka chini ya hapo, tafuta mahali pengine au jenga tuta refu kwelikweli. Fanya jaribio hili majira ya kuchipua, ardhi ikiwa imelowa, kwa maana udongo mkavu uliopasuka kwa jua hunywa maji kwa pupa na kukudanganya. Angalia pia maji ya paa yanamwagikia wapi, theluji inayokwanguliwa njiani inarundikwa wapi, na vinyunyizio vya majani ya ukoka vinafika wapi, kwa sababu yuka iliyowekwa pembezoni mwa ukoka humwagiliwa kila ukoka unapomwagiliwa. Kaskazini mwa dunia, upande wa kusini wa nyumba ndio unaopata jua la majira ya baridi, na ukuta wake hutunza joto la mchana, hivyo hapo ndipo pa kwanza pa kufikiria. Acha angalau mita moja na nusu kutoka njia ya watu, mlango na mahali pa kuchezea watoto, kwa kuwa ncha za majani ziko usawa wa macho ya mtoto kwa miaka mingi kabla shina halijarefuka. Mmea una saponini, dawa ile ile ya povu iliyowafanya wenyeji wa Kusini-Magharibi ya Marekani watumie mizizi ya yuka kama sabuni, na mbwa au paka akiutafuna unaweza kumdhuru.

Kwenye kutengeneza ardhi ndiko wengi wanakoteleza, tena kwa nia njema. Wanasikia kwamba yuka inapenda kokoto, wanachimba shimo kwenye udongo wa mfinyanzi, wanalijaza mchanga na mawe, kisha wanapanda katikati. Maji yote ya jirani hutiririkia kwenye shimo hilo jepesi, yakakutana na kuta za mfinyanzi zisizopitisha, na yuka ikabaki imesimama kwenye birika chini ya ardhi. Wengine huweka tabaka la kokoto chini ya shimo wakiamini litavuta maji, lakini kinachotokea ni kinyume. Walter Gardner wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alionyesha kwenye filamu ya mwaka 1959 kwamba maji yanayoshuka kwenye udongo laini husita yanapofika kwenye tabaka la chembe kubwa, na hayavuki mpaka udongo wa juu ulowe chapachapa. Tabaka lile la kokoto, kwa hiyo, huyasogeza maji karibu na mizizi. Njia iliyo salama ni kwenda juu. Inua tuta la sentimita 30 hadi 45, lenye upana wa mita moja na nusu au mbili, kwa mchanganyiko wa kokoto ndogo au mawe mepesi ya volkeno, mchanga wa chembe kubwa, na udongo wa palepale, kokoto na mchanga vikiwa nusu au zaidi. Kwanza tifua ardhi iliyo chini ya tuta ili pasiwe na mpaka mkali kati ya tabaka mbili. Usitumie mchanga laini wa kujengea, maana ukichanganyika na mfinyanzi hukamatana ukawa mgumu kama sakafu. Mboji na samadi ziache kwa mboga. Huhifadhi maji, na hapa hatutaki yahifadhiwe.

Panda majira ya kuchipua au mwanzoni mwa majira ya joto, ili mizizi ipate miezi minne au mitano ya kushika ardhi kabla ya baridi. Kitaluni, chagua mche uliokuzwa chunguni tangu mwanzo. Miche mikubwa yenye shina refu mara nyingi huwa imeng'olewa shambani na kukatwa mizizi mingi, hivyo huhitaji misimu miwili ya uangalizi kabla ya kusimama yenyewe. Muulize muuzaji ilikotoka. Arizona ina sheria ya kulinda mimea ya asili, yuka zikiwemo, na California ilipitisha mwaka 2023 sheria maalumu ya kuilinda Yucca brevifolia ya magharibi, kwa hiyo kuchimba mmea porini bila kibali si jambo la kujaribu. Utoe mche chunguni, pukuta taratibu udongo wa peti uliozunguka mizizi, kwa kuwa peti hushika maji wakati udongo wa tuta umeshakauka, kisha upande ili shingo ya mmea iwe sentimita 2 au 3 juu ya usawa wa tuta. Zungushia kokoto sentimita 5 hadi 8 kama matandazo. Matandazo ya magome au majani makavu hayafai hapa, maana hukaa yamelowa shingoni.

Wapo watakaouliza kwa nini mmea wa jangwani umwagiliwe. Ni kwa sababu mizizi yake haijafika kokote. Mwaka wa kwanza, wakati wa joto, mpe maji mengi kila siku saba hadi kumi, uhakikishe udongo umekauka katikati ya zamu moja na nyingine. Mwaka wa pili, kila wiki mbili au tatu kama hakuna mvua. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi kwenye ukame mkali inatosha, na maeneo mengi hata hiyo si lazima. Kuanzia mwishoni mwa Septemba punguza, na ardhi ikianza kuganda acha kabisa. Ratiba hii inafuata kalenda ya Brewster, maji wakati wa joto na ukavu wakati wa baridi. Pia inakupunguzia bili, na hilo si jambo dogo kwenye miji ya nchi kavu. Bustani za kubana maji zilipata jina na msukumo wake mwaka 1981 kutoka shirika la maji la Denver.

Vipi kuhusu kufunika? Kwenye kanda inayofaa, mmea uliokomaa kwenye tuta zuri hauhitaji kifuniko. Kwa mche wa mwaka wa kwanza, au mahali penye mvua ya baridi na theluji nzito, fungia majani juu kwa kamba ya katani ili yaukinge moyo wa mmea, kisha weka juu yake paa dogo la ubao au plastiki ngumu, pande zote zikiwa wazi upepo upite. Usiufunge mmea kwa nailoni. Jasho la mmea litanaswa ndani, lifanye ule unyevu uleule uliokuwa ukiukimbia, na jua la mchana lipashe joto na kuuamsha mmea kabla ya wakati. Majani makavu yanayoning'inia kwenye shina yaache kama unapenda sura yake, kwa kuwa hulikinga shina. Ila kama yuka iko karibu na nyumba kwenye eneo lenye hatari ya moto, yakate.

Mmea ukishakomaa, mwishoni mwa majira ya kuchipua utatoa shada la maua meupe juu ya majani. Usishangae ukikosa matunda. Yuka huchavushwa na nondo wake maalumu, jambo lililoelezwa na Charles Riley miaka ya 1870: jike hukusanya chavua kwa vipapasio vya mdomoni, huibandika kwenye ua, na kutaga mayai humohumo, ili watoto wake wale sehemu ya mbegu. Pasipo nondo huyo hapana tunda, lakini mmea haupungukiwi kitu. Mdudu wa kuogopwa ni fukusi mweusi wa mkonge, Scyphophorus acupunctatus, yuleyule anayewasumbua wakulima wa mkonge Tanzania. Funza wake hutoboa moyo wa mmea na kuacha uozo nyuma. Majani ya katikati yakilegea ghafla wakati wa joto, mchunguze huyo kwanza.

Iko hoja moja nzito iliyobaki, ya mtu anayeishi penye baridi na unyevu kwa pamoja, kama majimbo mengi ya mashariki ya Marekani, ambaye hana nafasi ya tuta wala ukuta wa kusini. Kwake nasema wazi, asilazimishe Yucca rostrata. Yucca filamentosa, yenye nyuzi zinazojikunja pembeni mwa majani, asili yake ni kusini-mashariki mwa nchi hiyo, kwenye mvua nyingi, na huvumilia kanda ya 5 bila shida. Haina shina refu, lakini inaishi. Nayo pia haitaki kusimama majini, ila inasamehe zaidi. Kuchagua aina kwa kuangalia unyevu pamoja na baridi ni sehemu ya hoja hiihii.

Gharama ya kokoto inaweza kuwatisha wengine, hasa pale mzigo wa mawe unapozidi bei ya mche wenyewe. Lakini mmea unaokua sentimita chache kwa mwaka ukifa baada ya miaka sita, fedha haiwezi kukurudishia miaka hiyo. Kwa hiyo kabla hujakanyaga kitaluni, chukua sepetu, chimba lile shimo la sentimita 30, na uangalie maji yanachukua muda gani kuondoka. Yakiondoka upesi, nunua mche. Yakibaki hadi kesho yake, nunua kokoto kwanza.